UZI: Kiingereza nilichokiokota kwenye kikapu, kuanzia "layup" iliyoninyima usingizi mpaka "turnover" ya bosi

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeuwaza tangu mwaka jana nikawa naahirisha tu, leo nimeshika simu nimesema liwalo na liwe, naandika mpaka bando liishe. Utakuwa mrefu, mwenye haraka apite.

Mi nafanya kazi kwenye ofisi moja ya utalii hapa Arusha, kitengo cha wageni wa Marekani. Kazi yangu ni kujibu imeili na kukaa kwenye vikao vya simu ya video na mawakala wa kule. Shuleni Kiingereza nilikuwa naonekana nakijua, past tense naijua, passive voice naijua, form four nilipata B. Sasa mwaka mmoja, mwezi wa nne, mvua zinanyesha, wageni hakuna, kila mtu ofisini ana wasiwasi na kibarua chake, tupo kwenye kikao na wakala mmoja wa kule tunapanga safari za mwezi wa saba, yule mzee akasema hivi: "The permits are a layup. The flights are a jump ball."

Mi nikasikia "layoff". Kwa asiyelijua, hilo ni neno la kupunguza wafanyakazi. Na sikuuliza, hilo ndo kosa langu kubwa. Nilitoka pale nikamnong'oneza mwenzangu, yeye akamwambia dereva, dereva akawaambia wenzake wa gereji, mpaka saa kumi jioni ofisi nzima inajua tunapunguzwa. Dada mmoja wa usafi ndo kwanza alikuwa amekopa ada ya mtoto, nilimkuta jikoni ameshika kikombe cha chai wala hanywi, machozi yanamtoka. Usiku ule sikulala. Kesho yake bosi akauliza haya maneno yametoka wapi, tukafungua rekodi ya kikao, tukasikiliza mara tatu, neno ni "layup".

Nilimuomba radhi yule dada na wengine mmoja mmoja. Alafu jioni nikaenda kiwanja cha kikapu cha mtaani kwetu, nikamkuta dogo mmoja anafanya mazoezi peke yake, nikamwambia dogo naomba unioneshe "layup" ni kitu gani. Hakunieleza hata neno moja. Alichukua mpira, akadribo, akapiga hatua mbili, akaruka, akaulaza mpira kwenye bodi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, ukaingia. Akaniambia haya na wewe. Na mimi niliyevaa viatu vya ofisini nikafunga mara ya pili tu. Pale pale nikaelewa yule mzee alimaanisha nini: vibali ni kazi nyepesi, ni sawa na kumsukuma mlevi. Na "jump ball" ni ule mpira wa kuanzia gemu, refa anaurusha juu katikati ya watu wawili, haujawa wa mtu, yeyote anaweza kuupata. Kwaiyo siti za ndege zilikuwa bado hazijulikani, tupate au tukose.

Tangu siku ile nikaanza kuangalia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na sikuanza kwa sababu naipenda, nilianza kwa sababu nilitaka nisiumize mtu tena kwa neno nisilolijua. Kupenda kulikuja baadae. Na nilichokigundua ndo hiki nataka kuwaambia: neno la Kiingereza ukilikuta kwenye orodha ya misamiati litakukimbia ndani ya wiki, ila ukiliona linatembea, mtu analifanya kwa mikono na miguu huku mtangazaji analitamka, halitoki kichwani. Na siku utakapolikuta ofisini limevaa suti utalijua tu kwa mwendo wake.

Ntaendelea hapo chini, ngoja nichaji simu.

———

Mleta uzi, naendelea

Kwanza kwa nini kikapu na sio soka, maana najua mtauliza. Soka mi naipenda, Yanga damu, lakini kwenye soka mpira unaweza kuzunguka katikati dakika tano mtangazaji anasimulia habari za mke wa kocha. Kikapu hakina nafasi hiyo. Mwaka 1954 NBA walileta saa ya sekunde 24, timu ikipata mpira lazima irushe ndani ya hizo sekunde. Kabla ya hapo timu ikiongoza ilikuwa inashika mpira tu, watu wanalala majukwaani. Aliyeipigania ni mwenye timu ya Syracuse, Danny Biasone, na hesabu yake ilikuwa rahisi kabisa: gemu ni dakika 48, yaani sekunde 2,880, na gemu tamu aliona ina mitupo kama 120 ya timu zote mbili, gawanya, unapata 24. Sasa kwa mwanafunzi wa lugha hii ni neema, kwa sababu tendo lile lile linarudi kila nusu dakika, na neno lile lile linarudi nalo. Usiku mmoja utasikia "rebound", yaani kuokota mpira uliokosa kuingia, mpaka uchoke. Mwalimu gani atakurudia neno mara themanini bila kukasirika?

Tuje kwenye misemo sasa. Ndugu yake "layup" ni "slam dunk". Hii ni pale mchezaji anaruka mpaka mkono unapita juu ya ringi anaushindilia mpira kwa nguvu. Anayepewa sifa ya kuleta hilo neno ni Chick Hearn, mtangazaji wa timu ya Lakers aliyetangaza miaka zaidi ya arobaini. Huko ofisini "it's a slam dunk" maana yake ni jambo la uhakika, halina ubishi. Tofauti yake na "layup" ni ndogo ila ipo, "layup" unasema kazi ni nyepesi, "slam dunk" unasema matokeo hayana shaka. Na ndo maana ni neno la kuogopa. Desemba 2002 mkuu wa CIA wakati ule, George Tenet, alimwambia rais wa Marekani kwamba hoja ya Iraki kuwa na silaha za maangamizi ni "slam dunk". Machi 2003 vita ikaanza. Silaha hazikuonekana. Maneno mawili ya uwanjani yakabaki yamemganda yule bwana maisha yake yote. Kwaiyo wewe unayemwandikia mteja kwamba hali ya hewa mlimani itakuwa "slam dunk" fikiria mara mbili.

"Full-court press": kwa kawaida timu ikipoteza mpira inarudi kukaba upande wake. Hii nyingine wanakaba kiwanja kizima, kuanzia pale mpira unapotupwa ndani, hawakupi pumzi. Ukisoma gazeti la Kiingereza likasema serikali imeanzisha "a full-court press" kwenye jambo fulani, ni kwamba wameingia kwa nguvu zote pande zote kwa wakati mmoja. Sio vyombo vya habari, kuna mtu aliwahi kunitafsiria "press" hapo kama waandishi wa habari. Hapana, "press" hapo ni kubana.

"No harm, no foul": huu pia wanauhusisha na Chick Hearn. Umemgusa mtu, hakuumia wala hakupoteza kitu, refa anaacha. Mteja wangu mmoja nilimtumia ankara yenye tarehe ya mwaka uliopita, nikaomba samahani mistari sita, akajibu maneno manne hayo hayo tu. Yaani yaishe, hakijaharibika kitu.

———

Mdau wa Mwanza

Mkuu uzi mtamu, ila umesahau ule mkubwa kuliko yote, "the ball is in your court". Huo si ndo wa kikapu wenyewe? Mi nafundisha sekondari, mwanafunzi wangu aliwahi kuutafsiri "mpira upo mahakamani kwako".

———

Mleta uzi

Mwalimu nashukuru sana kwa kulileta. Huo sio wa kikapu, ni wa tenisi, na ukiangalia kiwanja utaona mwenyewe. Kwenye kikapu kiwanja ni kimoja, wote kumi wanakimbia humo humo, huwezi kusema hiki chako hiki changu. Tenisi ina wavu katikati, kila mtu na upande wake, mpira ukidondoka upande wako mwenzio hana la kufanya, anasubiri. Ndo maana msemo unamaanisha nimeshamaliza sehemu yangu, sasa uamuzi ni wako. Mwanafunzi wako hakukosea kwa uzembe, "court" kweli ni mahakama pia, tatizo alipewa msemo bila kuoneshwa kiwanja.

Na hapa ndo watu wengi wanachanganya, wanadhani kila msemo wenye "ball" ni wa kikapu. Wamarekani wengi wanaoongea nami wanatumia zaidi misemo ya besiboli kuliko hata ya kikapu. "Touch base", tuwasiliane kidogo, hiyo ya besiboli. "Step up to the plate", jitokeze ubebe jukumu, besiboli. "Ballpark figure" nayo ni besiboli na hii wenzangu wa utalii ishikeni kwelikweli, mgeni akikuomba "a ballpark figure" hataki bei kamili, anataka makadirio, usimtumie ankara. "Hail Mary", jaribio la mwisho la kukata tamaa, hiyo ya futiboli yao ya kubeba mkononi. "Move the goalposts" ni ya soka, mtu anabadilisha masharti mkiwa katikati. Na "jump through hoops", japo "hoop" ni ringi ya kikapu, hii imetoka kwenye sarakasi za wanyama, mbwa anarushwa kwenye mduara, maana yake ni kusumbuliwa na masharti mengi. Aliyewahi kuomba viza anajua.

———

Dada wa Kigamboni

Mi nauliza kuhusu "bench". Kazini kwetu bosi mzungu alisema "we have a deep bench", nikajua anasema benchi lina kina nikanyamaza.

———

Mleta uzi

Dada hapo alikuwa anawasifia. "Deep bench" ni kwamba hata waliokaa nje ni wazuri, mmoja akiumwa yupo wa kuziba pengo bila kuyumba. Sio kwamba mmekaa tu.

Na hapo kwenye benchi ndo napapenda, kwa sababu sisi na wao tumekaa kwenye benchi lile lile tukaona vitu tofauti. Wao mchezaji asiyechezeshwa wanamwita "benchwarmer", mpasha benchi joto. Sisi tunasema anasugua benchi. Wao wameona joto la makalio, sisi tumeona suruali inavyochakaa. Ukishaijua yetu, ya kwao huwezi kuisahau. Mi huwa nafanya hivyo kwa kila msemo, natafuta wa kwetu unaofanana nao nauandika pembeni kwenye daftari. "Crunch time" nimeiandikia dakika za lala salama. "Shoot your shot", yaani jaribu bahati yako, hasa kwa mtu unayempenda, hiyo nimeiandikia tupa ndoano. Wao wako uwanjani, sisi tuko baharini, samaki ni yule yule. "He dodged the question" nimeandika kapiga chenga, hiyo yetu ni ya mpira kuliko hata ya kwao. "Nothing but net", mpira umeingia bila kugusa ringi wala bodi, hiyo sijapata ya kwetu inayotosha, mwenye nayo ailete.

Ila nzuri kuliko zote ni "brick". Mtu akirusha mpira ukagonga ringi vibaya kama jiwe, wanasema "he threw up a brick", karusha tofali. Sasa sisi tofali tunalifyatua, na bunduki tunaifyatua. Kwa Kiswahili mchezaji mbovu anafyatua matofali na sentensi imekaa sawa pande zote mbili, tofali na kufyatua. Siku nimeliona hilo nilicheka peke yangu saa kumi usiku mke wangu akaamka.

———

Mdau wa Nakuru

Niaje wadau. Huku kwetu coach alikuwa ananiita "ball hog" kila siku mazoezini na mimi nikadhani ananisifu, hog si ni kama nguruwe, nikasema anamaanisha nina nguvu. Hebu nisaidieni, na kama kuna mengine ya double meaning muweke.

———

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nakuru pole, hakuwa anakusifu. "Hog" kama kitendo ni kung'ang'ania kitu peke yako, hutoi pasi. "He hogs the road" ni dereva anayekaa katikati ya barabara hapishi mtu. Anayetoa pasi nzuri wao wanasema "he's dropping dimes". "Dime" ni sarafu ya senti kumi. Zamani kibanda cha simu Marekani ulikuwa unatumbukiza "dime" ndo unapiga, na ukisema mtu "dropped a dime" ulikuwa unamaanisha kapiga simu kuchoma mwenzake polisi. Leo uwanjani ni sifa, mtaani bado ni usaliti, kwaiyo angalia unaliongelea wapi.

Maneno ya maana nyingi ndo yaliyonitesa zaidi ya misemo yenyewe, kwa sababu msemo ukiwa haueleweki unajua haueleweki, ila neno unalolijua linakudanganya.

Chukua "turnover". Kwenye kikapu ni kupoteza mpira kizembe, pasi mbovu, stepsi, kunyang'anywa. Ni aibu. Sasa bosi wetu kwenye kikao cha mwaka akasema "our turnover has gone up" na anatabasamu, mi nimeshazoea kusikia "turnover" mtangazaji akisikitika, nikashangaa anatabasamu nini. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndo cha biashara huku kwetu, ni jumla ya mauzo, na ikipanda ni furaha. Alafu kuna "staff turnover", wafanyakazi kuacha kazi na kuajiri wengine, hiyo ikipanda ni msiba. Neno moja, unapongezwa au unafukuzwa kutegemea limekaa na nani.

"Charge" unaijua ya simu, unaijua ya bei, unaijua ya polisi. Uwanjani mtu anakuja na mpira kasi, wewe umeshasimama miguu imetulia kifua wazi, anakuvaa mnaanguka wote, faulo ni yake. Kocha anakuambia "take the charge". Anakuomba ukubali kugongwa kwa ajili ya timu. Nilipoliona hilo ndo nikaelewa kwa nini ng'ombe dume aki"charge" ni kukurupukia mtu, ndo mwendo ule ule.

"Travel". Hii kwa sisi wa utalii ni mkate wetu. Uwanjani ni stepsi, umetembea na mpira bila kudribo. Mtangazaji anasema "he traveled" mi nikawa nadhani jamaa kasafiri, yuko safarini hachezi leo.

"Draft" kwetu ni rasimu ya barua, na drafti ni ule mchezo wa vizibo vya soda chini ya mwembe. NBA ni siku ya timu kuchagua vijana wapya. Na hapa Mtanzania yeyote atasimama wima, 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, alichaguliwa namba mbili na Memphis. Mbele yake ni Blake Griffin peke yake. Nyuma yake wapo James Harden namba tatu na Stephen Curry namba saba. Kwaiyo "second overall pick" sisi hatuhitaji kamusi, tunaye.

"Key" ni lile eneo mbele ya ringi, wengine wanaliita "the paint" kwa sababu limepakwa rangi. Kwa nini ufunguo? Zamani lilikuwa jembamba sana na juu lina duara, ukitazama kutoka juu unaona kitundu cha kitasa. Mwaka 1951 wakalipanua, na wanasema sababu kubwa ni jitu moja lililoitwa George Mikan lililokuwa linasimama pale chini linafunga linavyotaka. Umbo likapotea jina likabaki. Na "clutch", ambayo fundi wa gari anaiita klachi, maana yake ya asili ni kushika kwa nguvu. Mchezaji anayefunga dakika ngumu mkono hautetemeki ni "clutch". Kawhi Leonard wa Toronto, Mei 2019, gemu ya saba na Philadelphia, wamelingana 90 kwa 90, karusha kutoka kona king'ora kinalia mpira uko hewani, ukagonga ringi mara nne, nne nilizihesabu, ukaingia. Huku ilikuwa usiku wa manane na mtaa mzima umelala. Hiyo inaitwa "buzzer beater", mpira uliokiwahi king'ora. Ofisini utaisikia mtu akituma ripoti dakika ya mwisho kabisa.

———

Mdau, hakutaja alipo

Naomba kuuliza kwa heshima. Hivi sisi tulioanza Kiingereza ukubwani tunaweza kweli kuongea kama wao? Mi nina miaka 29 nikifungua mdomo watu wanacheka.

———

Mleta uzi

Mkuu swali lako limenigusa, nitakujibu kwa mtu na sio kwa maneno ya kukutia moyo.

Dikembe Mutombo, mchezaji wa NBA, alizaliwa Kinshasa 1966. Mwaka 1987 alienda Marekani kusoma Georgetown, alitaka kuwa daktari. Ana miaka 21, Kiingereza hakijui, wameanza kumfundisha pale pale chuoni kama mwanafunzi wa mwanzo. Huyo mtu mwaka 1991 alihitimu na digrii ya isimu na diplomasia. Isimu! Elimu ya lugha yenyewe. Mwaka huo huo Denver wakamchagua namba nne, akacheza misimu 18, akawa mkabaji bora wa mwaka mara nne. Alikuwa anaongea lugha tisa, Kiswahili ikiwa mojawapo. Sauti yake ilikuwa nzito kama ngoma na lafudhi ya kwao hakuiacha mpaka anafariki Septemba 2024, na Wamarekani waliijua hiyo sauti na wakaipenda. Akimzuia mtu mpira anainua kidole anakitikisa, hapana hapana, na watoto wa kule mitaani wakawa wanatikisa kidole kama yeye. Hela zake akajenga hospitali Kinshasa, ikafunguliwa 2007, kaipa jina la mama yake. Sasa niambie hiyo lafudhi ilimzuia nini.

Na mwingine ni Manute Bol, Mdinka wa Sudan Kusini ya leo, mita 2.31, alichaguliwa na timu ya Washington mwaka 1985. Kuna msemo "my bad", yaani kosa langu, samahani, ambao Wamarekani wanautumia sasa mpaka kwenye imeili za kazi. Wengi wanampa Bol sifa ya kuueneza. Kwamba ni yeye aliyeuunda haijathibitishwa, miaka hiyo hiyo ya themanini ulishakuwepo kwenye viwanja vya mtaani. Ila angalia sarufi yake, "bad" ni kivumishi kimefanywa nomino, mwalimu wako angekupiga alama ya kosa. Dunia nzima inasema hivyo leo. Wewe wa miaka 29 ongea. Anayecheka mwambie "my bad" endelea na sentensi.

———

Mdau wa Mwanza

Mleta uzi umenipa somo la wiki nzima. Nina kiwanja cha kikapu shuleni, kimeota majani. Kesho nawatoa darasani. Niambie tu wewe ulikuwa unajifunzaje, utaratibu wako.

———

Mleta uzi

Mwalimu umenifurahisha kweli, wafyekeshe hayo majani kwanza.

Mi gemu nzima live siwezi kila siku, kwa saa zetu zinaanza saa nane, saa tisa usiku, na kazini saa mbili. Nachukua vipande vya dakika kumi kesho yake vyenye mtangazaji. Mara ya kwanza naangalia nimezima sauti, nasema mwenyewe kwa Kiswahili kinachotokea, kaiba, katoa pasi, kakosa, kaokota. Mara ya pili nafungua sauti nasikiliza yeye kasemaje pale niliposema kaiba. Hapo ndo neno linaingia, kwa sababu tayari una shimo lenye umbo lake. Mara ya tatu natangaza mimi kwa Kiingereza kwa sauti. Wanafunzi wako wape zamu, wawili wanacheza mmoja anatangaza, akikwama wachezaji wanasimama mpaka apate neno. Usisahihishe sarufi wakati mpira unatembea.

Kama unataka gemu moja ya kuanzia, tafuta Sudan Kusini na Marekani, London, Julai 2024, kabla ya Olimpiki. Vijana wa Sudan Kusini waliongoza kwa pointi 16 mpaka mapumziko, dhidi ya LeBron James na Curry na wote. Wakapoteza 101 kwa 100. Utasikia "underdog" mara ngapi sijui, mnyonge asiyepewa nafasi. Na goli lililowamaliza, sekunde nane zimebaki, LeBron kaingia ndani kafunga. Unajua ni goli gani? "Layup".

———

Dada wa Kigamboni

Bosi wangu ni Mwingereza lakini, sio Mmarekani. Nimwambie haya haya?

———

Mleta uzi

Hapana dada, punguza. "Slam dunk" atakuelewa, "full-court press" atakuelewa kwa tabu, "layup" anaweza asikuelewe kabisa, kwao kikapu hakijaingia kwenye maongezi ya kila siku. Wao ni soka na kriketi. Akisema mtu "scored an own goal" kajiharibia mwenyewe, hiyo unaijua bila tafsiri, kajifunga. Akikuambia "I was stumped", swali lilimshinda. Na akisema amepata habari "that hit me for six", hiyo ya kriketi, zimemshtua vibaya, mpe pole kwanza ndo uulize. Kriketi nilifundishwa na Mhindi mmoja wa duka la vipuri hapa mjini kwa vizibo vya soda juu ya kaunta, nikitoka zamu ya kesho nakuja kuweka yote.